Herufi ya Mwisho ya Boti Yetu

Juzi jirani yangu alipaka geti lake rangi, akaniharibia siku nzima ya kazi. Rangi ya mafuta, ile nzito ya kukoroga kwa kijiti, ina harufu inayoweza kupenya ukuta wa benki. Ilipita dirishani, ikapita juu ya karatasi zangu, ikaniingia puani, na kabla sijaikaribisha nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye mchanga wa ufukwe wa Pasiansi, mtoto tena, mkononi nimeshika brashi ya katani niliyoitafuna mwenyewe, ulimi umetoka nje kwa upande kama wa mbuzi aliyeona chumvi.

Watu wanaosoma riwaya zangu huniuliza nilisomea wapi kuandika. Huwajibu kwamba nilisoma masomo ya jioni, nikiwa mama mzima, mchana nashona sare za shule na jioni nabanana kwenye dawati mbele ya mwalimu niliyemzidi umri na uzito. Nilifaulu, tena sana. Tangu siku ya matokeo sijaacha kutaja. Lakini kuandika kwenyewe sikufundishwa pale. Nilifundishwa na boti. Naona mnacheka. Vuteni viti.

Nilizaliwa na kichaa cha herufi. Nilipozijua tu, dunia nzima ikawa ubao. Niliandika kwenye mchanga, kwenye majivu, kwenye mgongo wa mdogo wangu akiwa amelala. Mama akinyoosha miguu yake iliyopauka kwa jua na vumbi, nilichukua njiti ya kiberiti nikamwandika kuanzia magoti hadi vifundoni, naye akaenda kisimani akiwa na alfabeti nzima mguu wa kulia na jina langu mguu wa kushoto. Mama hakujua kusoma. Wenzake walimwambia, "Mama Veronika, leo umevaa gazeti." Alicheka, akajipaka mafuta, gazeti likafutika.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi, mtu wa Ukerewe, upande wa Nansio, aliyevuka maji kumfuata mama na hakurudi tena. Mama alikuwa Msukuma wa Magu. Alikuja na kaka yake, mjomba Mabula, mvuvi aliyeimba akiwa majini na kunyamaza akiwa nchi kavu. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, lakini mlango wake ulikuwa wa mvule mtupu. Baba aliuchonga kwao na kuuvusha ziwa akiwa ameukalia. Wageni walisifu mlango kwanza, ndipo wakatusalimu sisi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na kila kitu kilikuwa chetu, hata vile visivyokuwepo. Duka lilikuwa letu, na sukari iliyokuwa haimo dukani ilikuwa yetu pia. Wavuvi wa mwambao wetu waliungana wakawa kikundi kimoja, serikali ikawapa injini mpya, na injini ile ikakaa ofisini imefunikwa kitambaa kama bibi harusi, inasubiri boti ya kuibeba. Baba akapewa kazi ya kuiunda boti hiyo, mjomba Mabula akachaguliwa nahodha.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mzee Masalu, mtu mwenye sauti ya kuvunja yai likiwa bado ndani ya kuku. Alikuwa na moyo mweupe na haraka nyingi. Kiswahili alikipenda kuliko chakula, ila Kiswahili chenyewe kilipita kwenye ulimi wa Kisukuma na kutoka upande wa pili kimebadilika sura. Siku ya mkutano alipanda juu ya jiwe akatangaza:

"Ndugu zangu! Kamati imekaa, imeamua. Boti yetu itaitwa Zamila!"

Makofi. Mkewe, Mama Kulwa, hakupiga.

"Jamila ndiyo nani?"

"Siyo Jamila, Mama Kulwa. Zamila!"

"Ndiyo nakuuliza mbele ya watu. Huyo Jamila ndiyo nani, na ana kitu gani hata apewe boti?"

Mkutano ulivunjika kwa vicheko, na mwenye kuweza kueleza hakuwepo. Neno lile lilikuwa limependekezwa na mwalimu Leokadia, Mhaya aliyefundisha kisomo cha watu wazima kila alasiri, naye alikuwa amepanda meli kwenda msibani kwao Bukoba. Mwenyekiti alinigeukia mimi, kwa kuwa kichaa changu cha herufi kilikwishajulikana mwambao mzima. "Wewe mtoto wa fundi, utaandika. Pande zote mbili. Herufi kubwa, hata samaki wasome."

Msidhani nililala njaa kwa furaha. Nilikula, tena nikaongeza. Ila tangu pale sikuwa na jingine kichwani. Zamila. Jamila haiwezekani, Mama Kulwa angeichoma moto boti mchana kweupe. Nikapekua maneno yote niliyokuwa nayo, nikapata moja tu linalofanana. Tulikuwa tunajiandaa kwa komunyo ya kwanza, na katekista wetu alikuwa na msemo wake: "Dhamiri ni mgeni aliyelala chumba cha pili. Hata ukinong'ona anasikia, na asubuhi atataka kujua mlikuwa mnazungumza nini." Basi ni hilo. Boti itaitwa Dhamiri. Nikaona kamati ina watu wacha Mungu sana.

Sasa niwaambie habari ya jicho, maana bila jicho hakuna hadithi.

Mbao za mvule zilikuwa adimu kuliko sukari. Baba alifika mwisho wa kazi akakosa ubao mmoja tu, wa chini kabisa, pale tumboni. Muuza mbao alikuwa amebakiwa na ubao mmoja wenye jicho: pale tawi la mti lilipoota zamani likafa, panabaki duara jeusi lililokaa ndani ya ubao kama mpangaji asiye na mkataba, siku yoyote huweza kuhama na kuacha tundu. Baba akaenda kumwambia mwenyekiti tusubiri mbao. Mwenyekiti akamjibu kwamba mbao husubiri mgeni rasmi, mgeni rasmi hasubiri mbao, na siku ya uzinduzi imekwisha kupangwa na wakubwa. Baba akaenda akauchukua ule wenye jicho. Akaupiga ubao ule mahali pake. Akachanganya unga wa randa na gundi na lami, akaliziba jicho, akalisugua likawa laini kama shavu, kisha rangi ya bluu ikafunika yote. Mimi ndiye niliyemshikia kopo la lami. Nilidhani ndivyo boti zinavyoundwa, kila moja na jicho lake, kama samaki.

Ila niliona kitu kimoja. Kila baba alipopita pale, kiganja chake kilikwenda chenyewe kwenye sehemu ile, kikapapasa, kikatoka.

Siku moja kabla ya uzinduzi nikapewa kikopo cha rangi nyekundu, masalio ya kupaka mlango wa ofisi. Boti ilikuwa imeegemezwa mchangani juu ya magogo. Nikaandika ubavu wa kulia, nikazunguka, nikaandika ubavu wa kushoto. DHAMIRI. Ilichukua alasiri nzima. Jua lilinichoma, inzi walinitembelea usoni kama mtaa wao, na sikuhisi chochote. Mama alituma watu waniite nile, nikawasikia kama wanaoita mtoto wa mtu mwingine. Mpaka leo, nikitaka kujua kama kitabu kimenishika kweli, naangalia kama nimesahau kula. Kwa umbo langu mtaona hainitokei kila siku.

Nilikuwa naimalizia herufi ya mwisho baba alipofika, kitabu chake cha kisomo kwapani. Wakati ule alikuwa na ugonjwa mpya wa kusoma kila kilichoandikwa, magunia, sabuni, viberiti, akipita silabi moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akachuchumaa.

"Dha... mi... ri." Akarudia. "Dhamiri. Hii si ile ya katekista?"

"Ndiyo yenyewe, baba."

"Na mwenyekiti ndiye aliyesema iandikwe?"

"Ndiyo, baba."

Akazunguka upande wa pili, akasoma tena, kana kwamba huko pangeandikwa vingine. Halafu akatazama pale kiganja chake kilipozoea kwenda. Safari hii hakikwenda.

"Kumbe anajua," alisema, na hakuwa anasema na mimi.

Mnaelewa alichodhani. Kwetu jina la chombo halikuwa jina tu. Mtu akigombana na shemejiye aliandika fumbo kwenye mtumbwi wake, na shemeji akalisoma kila asubuhi mpaka amani ipatikane. Baba aliona mwenyekiti amemtupia fumbo. Jasho lilimtoka, mtu aliyekuwa akiranda mbao juani kutwa bila kulowa.

Hapo hapo mwalimu Leokadia akatokea na kikapu chake cha safari, ametoka kushuka melini, bado anatembea kama ardhi inacheza. Akasoma. Akaweka kikapu chini ili acheke vizuri.

"Veronika! Umeandika nini, mwanangu? Ni Dhamira! Dha-mi-ra!"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani amekwambia Dhamiri?"

"Mwenyekiti alisema Zamila."

Akacheka mpaka akakaa juu ya gogo. Baba hakucheka. "Mwalimu," alisema, "naomba unieleze. Tofauti yake nini?"

"Ah, fundi, si neno la kukusumbua. Dhamira ni lile uliloazimia kulifanya. Kikundi kimeazimia kujitegemea, ndiyo dhamira yetu. Dhamiri ndiyo ile ya ndani inayokuuliza umelifanyaje. Kosa la herufi moja tu. Mtoto hana ubaya, kesho asubuhi tutarekebisha."

"Kwa hiyo mwenyekiti hakuwa na maana yoyote?"

"Mwenyekiti? Mwenyekiti hata hajui kimeandikwa nini!"

Baba akashusha pumzi ndefu. Nakumbuka mabega yake yalivyoshuka. Akanisaidia kukusanya vitu vyangu, tukaenda nyumbani, akala vizuri, akamtania mama. Kwangu mambo yakawa yamekwisha.

Asubuhi ufukwe ulijaa kuliko soko. Ngoma zilikuwa zinapashwa moto, akina mama walikuwa na masufuria yanayoweza kumchemsha mtu mzima akiwa amesimama, na mbuzi wa mgeni rasmi alikuwa amekwisha kuwa mchuzi. Mwalimu Leokadia alikuwa ananisimamia nirekebishe jina. Nimetoka kumaliza upande wa kulia, nikaona baba anakuja na patasi na nyundo, amevaa shati lake la kanisani.

"Mwenyekiti, nina neno."

"Baada ya hotuba, fundi."

"Baada ya hotuba boti itakuwa majini."

"Si ndiyo tunachotaka?"

Baba akaisogelea boti. Akapiga magoti, akaweka patasi kwenye rangi ile nzuri ya bluu, akagonga mara moja. Jicho likatoka zima, likaanguka ndani ya boti, tok, na tundu likabaki pale. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Fundi! Wewe fundi wewe!" Mwenyekiti alishika kichwa. "Mgeni rasmi yuko njiani, mbuzi yuko chunguni, na wewe unatoboa boti?"

"Sijatoboa, mwenyekiti. Ilikuwa imetoboka. Nimefunua tu."

"Umetuhujumu! Wewe ni mhujumu kabisa!"

Mjomba Mabula alikuja taratibu. Akaingiza kidole kwenye tundu, akakichezesha, na watoto waliokuwa ndani ya boti wakakiona wakacheka. Alipokitoa wakaacha kucheka.

"Shemeji. Hii uliijua?"

"Niliijua. Niliziba mwenyewe."

"Na leo ningekwenda nayo."

"Ungekwenda."

Mjomba akakifuta kidole chake kwenye shati. "Na ungenililia vizuri, nakujua."

"Ndiyo maana nimeona bora nijiaibishe nchi kavu," baba akasema.

"Aibu utaziba nayo tundu?" mwenyekiti akauliza. "Ubao uko wapi? Uko wapi ubao, fundi?"

Hapo ndipo mama alipopita katikati ya watu, mwiko bado mkononi. Hakumtazama mwenyekiti wala baba. Alimtazama kaka yake. "Ng'oa mlango," alisema.

"Mlango gani?" baba akauliza, naye alijua.

"Kwani tuna mingapi? Ng'oa. Sisi tutalala na gunia mlangoni. Mwizi akija atatuhurumia mwenyewe."

Mgeni rasmi akafika kabla mlango haujafika. Na hapa lazima nimpe Mzee Masalu haki yake, kwa sababu jasho alilojifuta usoni lilitosha kumwagilia bustani, lakini alipopanda jiwe lake sauti ilikuwa ile ile. "Ndugu mgeni rasmi! Kuna wenzetu huzindua vitu vikiwa vimekwisha, wananchi wasijue ndani kuna nini. Sisi tumeona leo tukuoneshe tumbo!" Watu wakapiga makofi kwa kuchanganyikiwa. Mgeni rasmi akainama kwa heshima zote, akachungulia kwenye tundu, na upande wa pili, nilikokuwa nimejipenyeza na watoto wengine, akakuta jicho langu linamchungulia yeye. Aliruka nyuma hatua ambazo cheo chake hakikuruhusu. Kisha akacheka, akala mbuzi, akaondoka.

Boti ikaingia majini baadaye, ubao wa mlango wetu ukiwa tumboni mwake. Baba aliutia bila malipo, na alipomaliza kikundi kikamwondoa kwenye ufundi wao, wakamwita mwingine. Tulikula mihogo msimu mzima. Watu wakamwita Fundi Jicho, na mimi, bila kuulizwa, nikawa Mtoto wa Jicho. Mpaka leo daktari akiutaja ugonjwa huo nageuka nikidhani ananiita.

Kuhusu jina, rangi nyekundu ilikuwa imeishia upande wa kulia, na mwambao mzima haukuwa na kopo jingine. Pale I yangu ilipokuwa imesimama nilikuwa nimeiegemeza mguu wa pili na kuipigia mstari katikati, ikawa A iliyolala kidogo kama mlevi kwenye ukuta. Upande wa kushoto ukabaki kama ulivyokuwa. Boti yetu ikawa Dhamira kulia na Dhamiri kushoto. Kamati iliahidi rangi. Kamati ilikuwa hodari wa kuahidi.

Darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea. Nafasi zilikuwa chache na herufi nzuri peke yake haikutosha. Nikashona, nikaolewa, nikazaa, na herufi zikaendelea kuniwasha vidole. Nilipojiandikisha masomo ya jioni watu walicheka, nikacheka nao, nikaenda. Mvua ilinyesha, nikaenda. Mtoto aliugua, nikaenda naye mgongoni. Riwaya yangu ya kwanza ilipokuwa tayari kwa mchapaji, kila aliyeisoma aliisifu, na kila aliposifu kiganja changu kilikwenda chenyewe kwenye sura moja ya katikati. Mhusika wangu alisamehe pale kwa urahisi, kwa sababu mimi nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimeiziba vizuri. Hakuna aliyeona.

Ndipo nilipomwelewa baba. Miaka yote nilidhani aliogopa. Nilidhani fumbo la mwenyekiti lilimbana akakiri. Lakini nilikuwepo mimi! Nilimwona mwalimu Leokadia akimfungulia njia: ni kosa la mtoto, hakuna anayejua. Niliona mabega yakishuka. Alilala usiku ule akiwa mtu huru, na asubuhi akavaa shati la kanisani akachukua patasi. Nikaing'oa ile sura. Kuiandika upya kulinichukua muda mrefu kuliko kitabu kizima, na mchapaji akaniita majina ambayo hata Mzee Masalu hakuyafikia.

Mjomba Mabula alizeeka kwenye boti ile. Ikitoka, ilifuata mwambao kuelekea kaskazini, kwa hiyo sisi tuliokuwa nchi kavu tuliona ubavu wake wa kulia; ikirudi ilituonesha wa kushoto. Mama alikuwa jikoni, nyuma ya gunia lililokuwa mlango wetu, akisikia muungurumo wa injini bila kujua inakwenda au inakuja, kwa kuwa mvuvi hana saa. Aliniita kwa sauti, "Veronika, soma!"

Nilikimbia hadi kwenye mawe, nikakinga jua kwa mkono. Nikimjibu, "Dhamira, mama!" aliendelea kupepeta.

Nikimjibu, "Dhamiri!" alibandika maji ya ugali.